Mgeni Aliyekubaliwa

Swali lilipita katikati ya maoni ya watazamaji kwenye simu, likafunikwa na mengine: "Yule mama aliyekaa nyuma yako atasukwa lini?"

Msusi, ambaye watazamaji walimwita Vidole kwa wepesi wa mikono yake, aligeuka. Benchi la wateja lilikuwa tupu. Humo saluni alikuwa yeye, mteja wake kitini, na mdogo wake wa tumbo moja aliyeshika simu ya pili.

"Watani hao, dada," mdogo mtu alisema. "Nishamzuia."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Vidole alipoanza kufundisha misuko mubashara, alimpa usimamizi wote: kufuta matusi, kuzuia wakorofi, kumkubali mtazamaji anayeomba kuingia kwenye skrini aulize jambo lake uso kwa uso. Mgeni haingii mpaka akubaliwe. Vidole aliupenda utaratibu huo. Watazamaji wake walikuwa wachache lakini waungwana.

Kisha wakafurika. Pamoja nao ikaja harufu ya nywele zilizoungua, asubuhi, kabla hata kiberiti cha kuchomea ncha za misuko hakijaguswa. Ikaja sauti ya kitana kwenye nywele kavu, kwaru, kwaru, kutoka upande wa benchi. Wateja wakawa wanaaga kabla ya kusukwa. Mchana mmoja, akifundisha peke yake, Vidole aliona skrini imegawanyika nusu kwa nusu, na katika nusu ya pili ilikuwamo saluni hiyo hiyo, na mgongo wake mwenyewe, na nyuma ya mgongo huo mwanamke ambaye nywele zake zilishuka mpaka sakafuni zikaendelea kutambaa kuelekea visigino vya Vidole, taratibu, kana kwamba zinaijua njia, naye asiweze kupiga kelele wala kuinua mguu mpaka alipohisi kitu chepesi kikimzunguka kifundo.

Mganga aliyeitwa, mama wa makamo mwenye maneno machache, alinusa mlangoni akasimama.

"Huyu hakuvunja mlango," alinong'ona. "Alibisha, akafunguliwa. Nani alimkaribisha?"

Vidole alimtazama mdogo wake. Mdogo wake aliitazama simu.

"Aliomba kuingia kila siku," akasema kwa sauti ndogo. "Akaniambia nikimkubali tutajaa watu. Na kweli tulijaa, dada."

"Ukampa nini?"

Mdogo wake alikisugua kioo cha simu kwa kidole gumba.

"Nakuuliza, ukampa nini?"

"Alikutaka wewe tu."

Mdogo huyu, Vidole ndiye aliyembeba mgongoni mama yao alipougua akalala kitandani. Ndiye aliyemfundisha kushika kitana. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hukagua nguo aliyoishona mwenyewe?

"Aliyefungua ndiye afungaye," mganga alisema. "Mimi nitasoma dua, wewe mtoe."

Akaanza kusoma. Benchi likajikokota sakafuni, harufu ikawakaba koo. Mdogo mtu aliinua kidole abonyeze kitufe cha kumtoa mgeni. Kwenye kioo cha simu idadi ya watazamaji ilikuwa inapanda tu, mioyo myekundu ikibubujika. Kidole kikaganda hewani.

"Nisamehe, dada."

Akaikumbatia simu, akatoka mbio barabarani, jua likiwaka.

Vidole aliifunga saluni, akahamia mtaa mwingine. Jioni moja, akianika nguo uani, jirani mpya alimsogezea simu yake.

"Jamani, si wewe huyu?"

Ni yeye, uani, wakati ule ule, akionekana kwa nyuma. Juu ya maoni yote yalikuwa yamebandikwa maneno ya msimamizi:

"Karibuni. Dada hana pa kwenda."