Jiwe Lililosaga Tupu

"Nani amefungua maji?" niliuliza hata kabla ya salamu.

Kinu kizima kilinuka mawe yaliyoungua. Juzi nilikwenda kumwuguza shangazi, nikakiacha kinu cha maji cha marehemu baba kikiwa salama. Narudi, jiwe la juu limepasuka ukingoni! Chini ya sakafu, kwenye mkondo uleule, mtambo wa umeme alioufunga mchumba wangu, Injinia, ulikuwa unanguruma raha mustarehe.

"Uzee tu huo, Unga wangu," Injinia akasema. Ndivyo alivyoniita, na akiniita hivyo nalainika. "Jiwe la tangu enzi za babu yako!"

"Hukulizungusha?"

"Mimi? Bila nafaka? Si wewe uliyenifundisha?"

Kweli. Siku alipokuja kufunga mtambo nilimwambia jiwe halizungushwi tupu, likikosa nafaka linakula jiwe mwenzake. Jioni yake akanitumia ujumbe: "Mimi na wewe mawe, mapenzi ndiyo nafaka. Nikuoe basi, nisije nikaungua." Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikamkubalia.

"Niazime simu nimulike," nikamwambia.

Akanipa bila kufikiri. Nikapiga magoti, nikamulika kati ya mawe. Mistari ya kusagia aliyoichonga baba ilikuwa imefutika, jiwe linang'aa kama sahani. Mara ujumbe ukaingia mkononi mwangu.

"Asante kwa jana, mpenzi. Kumbe lango lenyewe jepesi, nimefungua maji kwa mkono mmoja! Yule msichana wa unga utamwambia lini?"

Ulitoka kwa bosi wake wa mradi wa umeme, mwanamke aliyeniita mdogo wangu, mdogo wangu. Nikamsomea Injinia neno kwa neno.

"Huo... utani wa kazini."

"Mpenzi ni utani?"

"Alitaka kuona jiwe likizunguka. Nafaka haikuwepo..."

"Magunia yako nyuma ya mlango. Ulishindwa kubeba moja, au mikono yote miwili ilikuwa na kazi?"

Akainamisha kichwa.

"Nisamehe. Nitakununulia mashine ya chuma, inasaga upesi kuliko hili."

"Baba alilichonga jiwe hili akiwa mgonjwa, ili akiondoka nisihangaike. Leo unanipa chuma?"

Nikaivua pete, nikaiweka juu ya jiwe. Akaichukua kwa hasira.

"Basi nang'oa na mtambo wangu. Kaa gizani!"

"Mtambo ni wa kijiji. Zahanati inawaka kwa maji haya. Kinachong'oka hapa ni wewe."

Mlangoni akageuka, macho mekundu.

"Na sisi je? Hakuna cha kutengeneza?"

"Jiwe nitalichonga upya," nikasema. "Wewe sina patasi yako."

Nilingoja mpaka nisisikie hatua zake, ndipo nikalia, nikalia kweli. Nilikuwa bado nampenda, na hilo ndilo lililoniuma kuliko lile jiwe. Kisha nikawasha taa aliyoifunga yeye mwenyewe, nikachukua nyundo na patasi ya baba, nikaanza mstari wa kwanza. Machozi yalidondokea humohumo.

Simu yangu ikalia. Ujumbe wake ulikuwa na maneno mawili tu:

"Unga wangu?"

Sikujibu. Siku ile kinu hakikuwa na unga.