Ubeti Uliokatwa Studio

Asubuhi ile kulikuwa na unga wa mtama mlangoni kwa shangazi Ziada, Newala, na kuku walikuwa wakiukwepa. Aliapa kwamba hakuumwaga yeye, lakini vidole vyake vilikuwa vyeupe.

Unga kama ule humwagwa kumwita jini wa ukoo. Bibi alimrithisha Ziada wimbo wa jini huyo: beti za kumwita na kumlisha, na ubeti wa mwisho wa kumrudisha alikotoka. Ziada akamwazima wimbo huo mdogo wake, Lukmani, baba yetu, aliyepiga gitaa katika bendi ya roki kule Masasi. Sharti lilikuwa moja: ubeti wa mwisho usiachwe.

Biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imeruhusiwa, redio kaseti zimejaa madukani, na wimbo ule ukaivumisha bendi hadi Dar es Salaam. Ulipigwa kwenye mabasi, vilabuni, kwenye maghala ya korosho, na kila ulipopigwa Ziada alinusa udi, akasikia kinu kikitwangwa katika chumba kitupu, akaanguka akizungumza kwa sauti ya mwanamume, kila mara akichelewa zaidi kuzinduka, mpaka mumewe akaanza kunong'ona na majirani habari za sanda.

Siku ile ya unga Lukmani aliitwa. Akaingia na mkoba begani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ubeti wa mwisho uko wapi?"

"Studio walisema wimbo ni mrefu. Wakaukata."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Lukmani aliketi mkekani, mkoba mapajani, akaimba tangu mwanzo, kwa kuwa jini haagwi kabla ya kuitwa. Jua lilikuwa la utosi, lakini chumba kikapoa. Sauti nzito ikatoka kinywani mwa Ziada.

"Nimeitwa na wengi. Mwenyeji wangu ni nani?"

Lukmani akaimba ubeti wa mwisho. Kinu kikanyamaza. Kuku wakarudi mlangoni, wakaula unga. Ziada alimsamehe, akamfungia korosho za njiani.

Msimu uliofuata, basi la Masasi lilisimama mbele ya nyumba likipiga kanda mpya ya bendi. Kabla ya magitaa ilisikika sauti nzito:

"Nimeitwa na wengi. Mwenyeji wangu ni nani?"

Ziada akaukumbuka ule mkoba wa Lukmani ambao haukufunguliwa, akajua kinasa sauti kilikuwa humo. Alisimama akisubiri ubeti wa mwisho. Wimbo ukaisha bila huo, basi likaondoka.

Nyuma yake, kuku walikuwa wakiukimbia mlango.