Sabuni Iliyokaukia Garini

Kila Jumamosi familia hii iliosha gari lao jeusi uani. Mama na binti walipaka sabuni. Kusuuza na kukausha ilikuwa kazi ya baba, tena hakutaka msaidizi.

"Nendeni mkapumzike," alikuwa akisema. "Mtanikwaruzia gari langu."

Sasa baba amefariki, na waliobaki wanajua nusu tu ya kazi. Walipaka sabuni gari zima juani, wakamwaga ndoo ya maji, wakaliacha likauke lenyewe. Likajaa madoa meupe. Breki nazo zikaanza kushika kutu.

Mdogo wake marehemu alikuja akalizunguka gari, akatikisa kichwa.

"Shemeji, gari la kaka mnaliua. Kesho nakuja kulichukua, likatunzwe kwangu."

Mama aliingia chumbani akalia. Nguo za mumewe zilikwisha gawanywa. Lilibaki gari, na ndani yake kiti cha dereva kilikuwa palepale alipokiacha mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Binti alikwenda kumwita jirani, mama mmoja dereva wa teksi. Jirani alipitisha kidole juu ya boneti.

"Hii ni sabuni iliyokauka. Nani kawafundisha kuosha gari jua la utosi?"

"Hakuna," binti alisema. "Aliyejua hakutufundisha."

Jirani alikunja mikono ya blauzi yake. Kisha akasema, "Haya, tulisukume kivulini."

Wakaanza upya. Walipaka sabuni upande mmoja, wakausuuza kabla haujakauka, ndipo wakahamia mwingine.

"Anzeni juu, kwenye paa," jirani alieleza. "Maji yashuke na uchafu wake. Msisahau magurudumu na chini ya milango. Mwisho pitisheni mpira wa maji polepole, maji yateleze yenyewe."

Mama alichukua tambara la jikoni.

"Hilo lirudi kwenye masufuria, dada! Leta taulo laini, safi. Lilaze juu ya maji, ulivute taratibu. Usisugue. Likianguka chini, chukua jingine, maana mchanga unakwaruza rangi."

Walifungua milango, wakafuta kingo zake, mahali maji hujificha. Madoa yalitoka karibu yote.

"Bado breki," jirani alisema. "Zimelowa. Liendesheni polepole humu mtaani, mkanyage breki taratibu mpaka zikauke. Likilala na maji, kutu inarudi."

Binti alikuwa na leseni. Aliketi nyuma ya usukani, lakini miguu haikufika kwenye breki. Baba alikuwa mrefu. Binti alimtazama mama yake, akashuka.

"Tuache tu, mama. Mwache ba'mdogo alichukue."

Mama alisimama na taulo bichi mkononi. Halafu aliinama ndani ya gari, akashika chuma kilicho chini ya kiti, akavuta. Kiti kikasogea mbele. Alilia kwa sauti, mbele ya jirani, bila kuona haya.

"Panda, mwanangu," alisema. "Endesha."

Kesho yake shemeji alikuta gari linang'aa.

"Mmelipeleka wapi kuoshwa?"

"Tumeliosha hapahapa."

Alilizunguka lote. Akachungulia ndani.

"Mbona kiti cha kaka kimesogezwa?"

"Nimekisogeza mimi," mama alijibu. "Kaka yako harudi, shemeji. Dereva sasa ni mwanangu."