Damu Iliyofika Kwenye Kola

Ekseli ilikatika katikati ya jangwa, lori likalala ubavu, na nyonga ya mama ikavunjika. Kisima kilikuwa mwendo wa siku nzima. Mama hakuweza kusimama, sembuse kutembea. Wa kumbeba alikuwa mmoja tu: ngamia waliyekuwa wakimsafirisha nyuma ya lori. Naye alikuwa amelala chali kama mende, ulimi nje.

"Umempa nini?" binti, daktari wa mifugo, alimuuliza kaka yake, dereva.

"Bangi kidogo kwenye pumba. Alikuwa anapiga mateke mbao."

"Kidogo kiasi gani?"

Dereva akaonyesha ndoo. Ujuaji wake ungetosha ukoo mzima na wa akiba ukabaki! Daktari alitega sikio ubavuni mwa mnyama, macho kwenye saa. Mapigo kumi na manane kwa dakika, karibu nusu ya kawaida. Pumzi nne.

"Bangi inapunguza kasi ya moyo na pumzi za mnyama," alisema. "Ikimwisha mwilini atasimama. Tumwache mpaka kesho."

"Kesho tutakuwa hatuna maji. Huyu anakufa, dada. Tumchinje asife kibudu, angalau tupate nyama."

"Nyama haimbebi mama, kaka."

Mchana wa siku ya pili alihesabu tena: mapigo ishirini na sita, pumzi saba. "Anarudi," alimwambia mama, na mama akatabasamu. Kisha daktari akapanda kilima cha mchanga kutafuta vumbi la gari.

Aliposhuka, kaka yake alikuwa ameshika kisu. Damu ilikuwa imeruka mpaka kwenye kola yake.

"Alishakata roho," alisema.

Daktari alimchukia papo hapo, lakini hapakuwa na muda wa kugombana.

"Nendeni," mama alisema. "Niachieni kile kidumu cha mwisho cha maji."

Walifika kisimani kesho yake, wakitambaa. Wachungaji waliwanywesha, wakarudi nao na ngamia watatu. Mwili wa mama ulikuwa umeshapoa. Kidumu kilikuwa na maji yote, alikuwa amewawekea.

Baada ya mazishi, kaka aliwasimulia wageni. "Yule ngamia alikuwa ameshakufa kabla sijamtia kisu. Muulizeni dada, ndiye daktari."

Daktari aliweka birika chini.

"Moyo uliosimama haurushi damu, dereva," alisema. Hakumwita kaka tena.