Nilikipigia Vigelegele Kifo Changu

Sijafa! Msinitazame hivyo, miguu yangu hii hapa, bado ina matope ya pwani. Nilizikwa kwenye karatasi tu...

Umri wangu sabini na ushei, naishi Kiegeani, hapa Mafia. Kusoma sijui, haya nasema kwa mdomo, mwenye kalamu anaandika. Kazi yangu kusuka mikeka ya ukili na kuiga watu. Hata imamu akipita husema, "Bi mkubwa, leo usiniige!" Namuiga vilevile.

Mjukuu wangu Mwanaidi, mama yake alifariki akimzaa. Nimemlea mimi tangu kitovu hakijadondoka. Nani mwingine angemlea?

Alipofaulu kidato cha sita akataka chuo cha ng'ambo. Mwalimu wake, yule anayesemea puani, akaja kunieleza: "Bibi, chuo hiki kinafundisha kila elimu kidogokidogo, sayansi, historia, hata muziki." Kumbe pilau! nikamwambia. Hakucheka. Akasema wanataka matokeo, barua za walimu wawili, na insha ya maisha yake mwenyewe. "Alama peke yake hazitoshi, Bibi. Wanataka kumjua mtu." Wakiridhika, watamhoji kwenye simu, wanaonana uso kwa uso.

Hiyo insha ndiyo iliyoniua.

Mwanaidi akaniomba nimsimulie maisha yetu. Nikamsimulia kwa sauti zote, ya mama yake, ya mkunga, ya babu yake mlalamishi. Alipomaliza kuandika nikasema nisomee. Hutaelewa, Bibi, ni Kiingereza. Nisomee hivyohivyo, nione raha! Akasoma. Sauti ikamtetemeka... mimi nikadhani mapenzi. Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja! Jamani, aibu gani hii?

Wakamkubali ahojiwe. Siku hiyo akanikataza kuingia chumbani. Lakini kwetu mgeni aje nyumbani, mkubwa wa nyumba asitoke kumkaribisha? Hata kama mgeni yumo ndani ya simu! Nikajifunga kanga mpya, nikabeba dafu, nikaingia.

Mhojaji alikuwa mama wa bara, naye kasoma chuo hichohicho. Akachangamka: "Shikamoo, bibi!" Marahaba mwanangu, karibu dafu. Akacheka. Akaniuliza mimi ni nani wa Mwanaidi. Nikajidai! Nikasema ni bibi yake mzaa mama, mimi ndiye niliyemlea, hana mwingine.

Kicheko kikakatika. Akainamia karatasi zake. Akasema polepole, "Mbona hapa ameandika bibi aliyemlea amekufa, akabaki peke yake?"

Mama yule akasema mtu aliyedanganya maisha yake hawawezi kumchukua. Akaaga, simu ikazima. Chuo kikaenda zake...

Wajukuu zangu mnaosoma, nawasihi! Mkiombwa insha ya maisha yenu, andikeni hayo mliyonayo, hata kama ni mikeka na vicheko tu. Na ninyi bibi zao, msishangilie msichokielewa. Muulizeni mtoto maana yake kwanza!

Mimi ningemsamehe, wallahi. Ningesema utoto umempotosha. Nilisimama na dafu langu mkononi, nasubiri neno moja tu, Bibi nisamehe. Akanigeukia, macho makavu. Mimi ninayeiga watu wote, sauti ile mpaka leo siwezi kuiiga.

"Kwani ukiwa hai ungenisaidia nini?"