Picha Iliyogoma Kufunguka

Maiti ya mzee fundi saa ilikutwa Alhamisi asubuhi nyuma ya ghala la mbao, imekaa, mgongo umeegemea ukuta, vifungo vya shati vimefungwa upande upande. Daktari alisema ni kiu na baridi, jeraha hakuna. Mpelelezi aliyeitwa pale alikuwa mwanamke wa makamo. Wenzake kituoni walimwita Msumari, kwa kuwa akishaingia kwenye jambo kumng'oa ni kazi. Alimtazama marehemu kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mama yake mzazi alikuwa na maradhi yale yale ya kusahau. Mdogo wake wa kike ndiye aliyemtunza, na Msumari, tuseme ukweli, alikuwa mtu wa kutuma salamu tu.

"Jana alikaa hapa mchana kutwa," alisema mama wa kibanda cha kuchaji simu, hatua chache kutoka ghalani. "Nikahisi huyu kapotea. Namuuliza jina, ananitajia saa. Nikafungua ile tovuti ya waliopotea. Maandishi yakaja, picha haikuja, kiduara kinazunguka tu. Wateja wakaanza kunung'unika, nikaacha." Machozi yakamtoka. "Ningemjua, dada. Ningeiona sura ningemjua."

Msumari akatoa simu yake ya zamani, akafungua ukurasa ule ule. Sura za waliopotea zikaja moja baada ya nyingine: mtoto mwenye sare, bibi mwenye kilemba, dereva. Mahali pa fundi saa pakabaki peupe. Mmoja tu kati ya wote. Hilo halikumkalia vizuri.

Tovuti ile iliendeshwa bure na ofisi ndogo ya kutengeneza mabango, na bahati mbaya iliyoje, binti wa marehemu alikuwa msanifu wa mabango humo humo. Siku hiyo alikuwa nyumbani kwenye msiba. Mwenye ofisi hakungoja kuulizwa.

"Mshike huyu," alisema, akimwonyesha fundi wa tovuti kwa kidole. "Kila siku namwambia mapicha yamejaa, tovuti inakokota miguu. Uzembe wake umeua mtu."

Fundi wa tovuti alikuwa baba wa watoto watatu, na uso wake ulionyesha kwamba ameshawaona wakilala njaa naye yuko rumande.

"Afande, nisikilize," alisema. "Mtu anatuletea picha kubwa ya kufunika ukuta, na kioo cha simu ni kiganja tu. Kwa hiyo kila picha ikiingia, mtambo wetu unaipunguza ilingane na kioo. Tena picha za chini hazivutwi mpaka msomaji azifikie. Ukurasa mzima unafunguka hujakohoa."

"Na ya mzee?"

"Niliiweka mwenyewe Jumatatu, nyepesi kabisa. Tazama."

Kwenye kompyuta ya ofisi picha ilitokea papo hapo. Msumari akaiweka simu yake kando ya kioo. Peupe. Fundi akakunja uso, akabonyeza hapa na pale.

"Hii siyo yangu. Hii ni nzito mara mia. Imebadilishwa Jumanne saa nne na robo asubuhi, na mtambo umeamriwa usiiguse. Picha hii peke yake."

"Mbona hapa inafunguka?"

"Sisi tuna mtandao wa kasi. Tungeitazama mwaka mzima tusijue. Anayeumia ni wa huko nje, mwenye simu ndogo."

"Nani anaweza kuibadilisha?"

"Neno la siri tunalo sisi watatu wa ofisi. Ila kaka wa yule msanifu amekuwa akiingia na kutoka humu wiki nzima."

Yule kaka alikuwa na lake. Majirani wote walimsikia akigombana na baba yake kuhusu kuuza nyumba. Msumari alimbana kweli kweli.

"Niligombana naye, sikatai," alisema kaka mtu. "Lakini Jumanne asubuhi nilikuwa nazunguka wodini na picha yake mkononi. Kaulize."

Msumari akauliza. Wauguzi wawili walimkumbuka, kwa kuwa alikuwa akilia waziwazi.

Akarudi ofisini, akaikuza ile picha nzito mpaka kwenye kingo. Pembe zote nne zilikuwa na vistari vyeusi, vyembamba.

"Alama za kukatia karatasi," fundi alimweleza. "Bango likienda kiwandani kuchapwa. Mimi sina hata programu ya kuziweka."

Kwenye bango hilo la kumtafuta mzee palikuwa na namba moja tu ya simu, ya binti. Kampuni ya simu ikatoa orodha ya waliompigia: Jumanne, saa nne kamili, mtu mmoja. Msumari akampigia. Alikuwa mlinzi wa ghala la mbao.

"Picha niliiona vizuri asubuhi ile, na mzee nilikuwa naye hapa," alisema mlinzi. "Binti akaniambia nimefananisha, baba yake ameshapatikana, yuko ndani anakunywa chai. Nikamwacha aende zake."

Binti alikuwa chumbani kwa baba yake, akikunja shuka za mpira. Mlango ulikuwa na makomeo matatu, yote ya nje. Kaka yake alisimama kizingitini nyuma ya Msumari.

"Mlinzi amenieleza," alisema Msumari. "Na vistari vya kiwandani nimeviona."

Binti akaendelea kukunja. "Sikumtoa. Niliona mlango uko wazi, nikakaa kitandani." Akaiweka shuka chini. "Miaka tisa, afande. Ananiamsha mara saba kwa usiku, ananiita mwizi. Usiku ule aliotoka nililala mpaka asubuhi. Mlinzi alipopiga, nikasema siku moja tu zaidi. Bango ningeliondoa, kaka angeuliza. Nikaweka zito. Nilijua litagoma mitaani na ofisini litafunguka."

"Halafu?"

"Kesho yake nikasema nitalirudisha jioni. Jioni nikalala tena."

"Ungeniambia," kaka yake alisema.

"Nilikuambia. Ukasema tuuze nyumba."

Polisi walipompakia binti garini, hakuna jirani aliyemzomea. Msumari alibaki barabarani, akapiga simu kwao. Mdogo wake akaanza kama kawaida: mama hajambo, amekula, anakusalimu.

"Sijauliza mama," alisema Msumari. "Wewe, jana ulilala?"



"Kwa nini unaniuliza hivyo?" mdogo wake alisema polepole. "Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Usifungue komeo la mlango wa mama. Nakuja sasa hivi, na nguo zangu."