Goti la Kajetani na Baiskeli ya Mtu Mrefu

Kila Jumatatu alfajiri Kajetani alifunga mfuko wa barua nyuma ya baiskeli. Mkewe Skolastika alimpa viazi vya kuchemsha vya njiani. Binti yao mdogo, Lidwina, alikimbia nyuma yake mpaka kwenye kona, akarudi anahema.

Ulikuwa mwaka 1912. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, lakini njaa yake hakuna aliyeisahau. Kajetani alikuwa tarishi wa misheni. Alipeleka barua na dawa za homa kwenye boma la Songea, akarudi na majibu. Kazi ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa magoti.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya padri mmoja mrefu. Mrefu kweli, wa kuinama kila mlangoni. Padri alihamishwa, baiskeli ikabaki. Kajetani alikuwa mfupi, basi alishusha kiti mpaka mwisho. Miguu ikafika kwenye pedeli, akadhani mambo yamekwisha.

Mwezi wa kwanza magoti yaliuma kidogo. Mwezi wa pili yalivimba. Marehemu baba yake, aliyekufa vitani, alimfundisha kwamba mwanamume halalamikii mzigo. Basi Kajetani alinyamaza, na maradhi hayaponi kwa kunyamaziwa.

Mama yake, Kunegunda, aliona anavyochechemea.

"Njoo, mwanangu. Wapagazi wote huchanjwa magoti."

Akamchanja chale kila goti, akapaka dawa nyeusi. Alifanya kwa upendo, wala sitamcheka. Lakini sasa magoti yaliuma ndani na kuwasha nje.

Ijumaa moja Makarius, msimamizi wa matarishi, alimwita.

"Kajetani, wiki tatu sasa unafika boma jua likishuka. Majibu yanalala huko. Jumatatu hii usipofika kabla ya kengele ya saa sita, baiskeli nampa mwingine."

"Na mimi?"

Makarius alitazama chini. "Asiye na kazi, jumbe anamwandika upagazi. Msafara wa Kilwa unatafuta watu."

Egidi, kaka yake Kajetani, aliondoka na msafara kama huo miaka miwili nyuma. Hajarudi mpaka leo.

Kajetani alifika nyumbani akamkuta Skolastika anasuka ngata ya majani. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Hiyo ya nini?" aliuliza.

"Ya kichwa chako. Kilwa ni mbali. Naisuka iwe laini." Kisha machozi yakamtoka. "Baba Lidwina, sitaki uende. Nakuogopea."

"Hata mimi naogopa," alisema Kajetani. Lilikuwa neno zito kwake, na lilikuwa la kweli.

Skolastika akafuta macho. "Goti tumelitibu kwa maji moto. Mama amelitibu kwa chale. Baiskeli je, nani ameitazama?"

"Ile ni ya Wazungu. Mimi nani niibadilishe? Nataka viboko?"

"Umeomba ruhusa ukakataliwa?"

Hakuwa ameomba. Akarudi kwa Makarius, akaomba.

"Siku zote hizi ulikuwa unangoja nini?" alisema Makarius. "Itengeneze. Ila kila chuma utakachotoa, nikione hapa."

Jumamosi walikwenda kwa Bashiru. Huyu alikuwa fundi wa cherehani, mzee wa Kiyao kutoka Tunduru. Ufundi wa baiskeli alijifunza Lindi. Nyuma ya kibanda chake palikuwa na mabaki ya baiskeli kuukuu ya mfanyabiashara mmoja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Huyo anayelia ni mnyororo au ni wewe?"

Skolastika akacheka, mara ya kwanza tangu jana. Kajetani akaeleza yote.

Bashiru hakugusa baiskeli kwanza. Aligeuza kinu juu chini, akaweka kigoda kando yake.

"Panda juu ya kinu, ushuke. Mara kumi."

Mara ya tano Kajetani alishika goti.

"Sasa panda kigoda."

Alimaliza kumi bila shida.

"Umeona? Goti likikunjwa mno, halafu likasukuma, linaumia. Tazama chuma hiki kinachoshika pedeli. Huu ni mkono wa pedeli. Huu ni mrefu, wa mtu mrefu. Unapozunguka juu, goti lako linakaribia kifua. Kila mzunguko unapanda kinu."

"Lakini nilishusha kiti!"

"Ndiyo ukazidisha. Kiti kikishuka, goti linakunjika zaidi. Mkono wa pedeli uchaguliwe kwa mguu wa mpandaji. Mguu mfupi, mkono mfupi."

Kwenye mabaki yake alipata mikono iliyopungua upana wa kidole kimoja, akaifunga.

"Kidole kimoja tu?" aliuliza Skolastika.

"Kidole juu na kidole chini, mama, maelfu ya mara kwa siku. Lakini tusifupishe tukaishia hapo. Mkono mfupi unasukuma kwa nguvu ndogo, na mlimani utauona mzito. Lazima tupunguze na uzito."

Alichora alama ya mkaa kwenye tairi la nyuma. Akaliinua juu.

"Zungusha pedeli mara moja, polepole. Mama, hesabu alama."

"Moja. Mbili. Tatu."

"Mara tatu! Kigurudumu cha mnyororo cha mbele kina meno arobaini na nane, cha nyuma kumi na sita. Tambarare unakwenda mbio. Mlimani unavuta nyumba."

Alifunga nyuma kigurudumu cha meno ishirini, akaongeza pingili mbili za mnyororo. Skolastika akahesabu tena. Mara mbili, na karibu nusu.

"Meno mengi nyuma, pedeli nyepesi," alisema Bashiru. "Tambarare utapoteza mwendo kidogo. Usishindane na njia. Zungusha miguu upesi, usikanyage kwa hasira."

Mwisho alipandisha kiti. Pedeli ilipokuwa chini kabisa, goti la Kajetani lilibaki limekunjika kidogo tu.

"Nikupe nini, fundi?"

"Ukipata wa kwenda Tunduru, mpe barua ampelekee dada yangu Zabibu. Imwambie kwamba mimi bado ni mzima."

Jumatatu ikafika. Kwenye mpando wa Ruhuwiko, Kajetani alikuwa amezoea kushuka na kusukuma. Safari hii hakushuka. Miguu ilizunguka upesi upesi, baiskeli ikapanda taratibu. Mwanamke mmoja shambani alipaza sauti:

"Tarishi, unasaga mahindi?"

"Nasaga mlima, mama!"

Tambarare alitamani kukanyaga kwa nguvu. Akajizuia.

Karani wa boma alikuwa anahesabu barua ya mwisho kengele ilipolia.

Jioni Lidwina alisikia kengele ya baiskeli kabla ya mtu mwingine yeyote. Kajetani alishuka bila kuchechemea. Magoti yalikuwa yamechoka tu, kama ya mtu yeyote aliyefanya kazi.

"Ulifika?" aliuliza Skolastika.

"Kabla ya kengele."

Skolastika aliitazama ngata, pale ilipotundikwa mlangoni. Akaitungua, akaiweka kichwani pake, akainua mtungi juu yake, akaenda kisimani kumtekea mumewe maji ya kuoga.